TENGENEZA KALENDA YA MWAKA KWA PICHA ZA MATEMBEZI YAKO

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata safari bila daftari hupotea vivyo hivyo. Wengi wetu tumekwea milima, tumepigwa na jua, tumenyeshewa, tumepiga picha chungu nzima, kisha picha zenyewe zikalala ndani ya kamera hadi tukasahau zilipigwa lini na wapi. Mwaka ukiisha, ukiulizwa ulifika Longonot mwezi gani, unakuna kichwa tu.

Msomaji mpendwa, katika makala haya nakusudia kukufunza jinsi ya kugeuza picha hizo kuwa kalenda ya ukutani. Kalenda ni orodha ya siku, majuma na miezi ya mwaka. Baadhi ya kamusi zetu huiita pia takwimu, ingawa siku hizi neno hilo tunalisikia zaidi kwenye mambo ya hesabu na idadi. Kalenda nyingi za madukani zina picha za maua au za magari ambazo hazihusiani na mwezi wowote. Yetu ni tofauti. Kanuni yake ni moja tu, nayo ni hii: picha ya kila mwezi iwe imepigwa katika mwezi ule ule. Ukiishika kanuni hii, utapata pambo la ukuta na papo hapo utapata mwongozo wa kupangia safari za mwaka unaofuata. Ukiivunja, umebaki na pambo tu.

KWA NINI MWEZI UWE WA KWELI

Nchi yetu ina majira yake. Sehemu nyingi za nyanda za juu hupata masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu mazito, hasa pande za Limuru, Ngong na Nyandarua. Anayetaka kuukwea Mlima Kenya huambiwa aende Januari au Februari, au tena Agosti na Septemba, kwa kuwa wakati huo kwa kawaida mvua hupungua na njia hukauka. Kilele cha Lenana, ambacho watembeaji wa kawaida huweza kukifikia bila kamba, kina mita 4,985. Mvua ikikukuta huko si mchezo, kwani huko juu hugeuka theluji.

Basi tuseme umebandika picha ya Januari, yenye anga ya samawati, kwenye ukurasa wa Aprili kwa sababu inapendeza zaidi. Mwenzako akiitazama atafikiri Aprili ni mwezi mzuri wa kupanda. Umemdanganya bila kufungua kinywa.

Na madhara yake si madogo. Katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuna korongo jembamba liitwalo Ol Njorowa. Kuta zake ni ndefu, na mahali pengine nafasi ya kupita ni ndogo mno. Mvua ikinyesha mbali, kwenye miinuko ambayo aliye ndani ya korongo haioni, maji hukusanyika na kushuka kwa kasi. Mwezi wa Aprili 2012, vijana waliokuwa matembezini humo walisombwa na mafuriko ya ghafla wakafa. Mwaka 2019, tarehe 1 Septemba, jambo lilo hilo likatokea tena na watu wengine wakapoteza maisha. Angalia tarehe hizo vizuri. Ya kwanza iko katikati ya masika, lakini ya pili haimo. Hii ina maana kwamba kujua mwezi ni jambo la lazima, lakini hakutoshi. Ndiyo maana chini ya kila picha katika kalenda yetu tunaandika pia hali ya hewa ya siku ile. Dalili ya mvua ni mawingu, na aliyeyaona mawingu awaachie wenzake habari.

Kuna faida nyingine. Mwaka 1899 msafara wa Halford Mackinder ulifika Batian, kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya, chenye mita 5,199. Msafara huo ulipiga picha. Wataalamu wa miaka iliyofuata wamezilinganisha picha za zamani na za sasa, wakaona jinsi barafuto za mlima huo, yaani ile mito ya barafu iliyoganda, zilivyopungua. Barafuto ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imebaki kipande. Picha zile zingekuwa hazina tarehe wala mahali, zingekuwa na faida gani? Zingekuwa picha za mawe na weupe tu.

KUKUSANYA PICHA

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kalenda ya mwaka ujao lazima iwe tayari kabla ya mwaka huu kuisha. Tukifunga shule bila kuimaliza, basi tena. Kwa hiyo usingoje picha ya Desemba ya mwaka huu, kwa maana itakuchelewesha. Mwaka wetu wa picha huanza Novemba na kuishia Oktoba. Picha za Novemba na Desemba ni za mwaka uliotangulia, zile kumi nyingine ni za mwaka huu. Kila moja bado iko katika mwezi wake, na kanuni yetu haikuvunjika.

Shuleni hatubebi simu. Kamera ni ile ya chama, nayo hushikwa kwa zamu. Mwenye zamu hupewa na kijitabu pia. Kila akipiga picha anayoiona ya maana, anaandika mambo matano: mahali, tarehe, saa, hali ya hewa na hali ya njia. Labda utasema, "Ya nini yote hayo, na kamera inaandika tarehe yenyewe?" Ni kweli, picha ya kidijitali hubeba ndani yake tarehe na saa. Lakini kwanza, hakikisha saa ya kamera imewekwa sawa, maana betri ikitolewa kwa muda mrefu baadhi ya kamera hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Pili, picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa ukubwa na habari hizo hupotea. Ukilazimika kuituma kwa simu ya mzazi au ya mwalimu, itume kama faili, si kama picha. Bora zaidi, ichukue moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera.

Je, yule asiye na nauli ya kwenda Longonot au Kilimambogo? Mwenzangu, usivunjike moyo. Chagua mlima au kilima kimoja kinachoonekana kutoka kwenu. Tafuta mahali pamoja pa kusimama, tuseme kando ya lango la goli katika uwanja wa mpira. Simama pale pale kila mwezi, saa ile ile, uelekeze kamera kule kule. Mwisho wa mwaka utakuwa na picha 12 za kilima kimoja: kikiwa na nyasi zilizokauka kama makuti, kikiwa kijani kibichi, kikiwa kimefunikwa na ukungu nusu, na pengine kikiwa na shamba jipya lililolimwa ubavuni. Nimewahi kuiona kalenda ya namna hii na, kusema kweli, ilinifunza kuliko zile za safari ndefu. Mlima ni ule ule, kinachobadilika ni mwaka.

KUCHAGUA PICHA 13

Utahitaji picha 12 za miezi na 1 ya jalada. Ya jalada ndiyo pekee ambayo huru kutoka mwezi wowote. Zipange picha zote mezani kwa miezi, kila mwezi na fungu lake, kisha uchague moja katika kila fungu. Usichague kwa kulinganisha fungu na fungu, maana miezi ya jua itaishinda ile ya mvua.

Katika chama chetu palizuka mjadala mkali kuhusu jambo hili. Picha tuliyokuwa nayo ya Aprili ilipigwa katika vilima vya Ngong. Ukungu ulikuwa umetanda hata aliyetangulia hatua chache mbele haonekani, ila begi lake la rangi ya machungwa tu. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu akasimama akasema:

"Jamani, nani atatundika ukungu ukutani mwezi mzima? Tuweke ile ya Longonot ya Januari."

Mwingine akamjibu, "Ndugu yangu, Aprili hatukuona kilele. Tukiweka picha ya kilele tutakuwa tumemwonyesha nani, na alikiona lini?"

Wakapiga kura, ukungu ukashinda kwa kura mbili. Chini yake tukaandika: "Ngong, Aprili, saa nne asubuhi. Ukungu na manyunyu, njia inateleza. Tuligeuka kabla ya kilele."

Mwaka uliofuata, wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waliojiunga na chama walipendekeza tarehe ya Aprili kwa matembezi yao ya kwanza huko huko Ngong. Mwalimu mlezi hakusema neno. Aliitoa kalenda msumarini, akawafungulia ukurasa ule, wakausoma. Safari ikasogezwa hadi Februari, kabla ya masika. Kwa hakika, picha ambayo wengine waliiona mbovu ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote.

Kuhusu sura za watu, tuwe waungwana. Kabla ya kuchapisha picha ya mwenzako, muulize. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, nayo huwajali watoto zaidi, kwa hiyo kwa walio chini ya miaka 18 mzazi naye aulizwe, hasa ikiwa kalenda itauzwa. Picha ya mtu aliyegeuka, akiitazama bonde, mara nyingi hupendeza hata kuliko ya mtu anayechekea kamera.

VIPIMO

Tutatumia karatasi ya A4 iliyosimama wima, yaani upana milimita 210 na urefu milimita 297. Picha iwe na upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 130. Inakaribia sana saizi ambayo studio zetu huiita "tano kwa saba", maana hupimwa kwa inchi. Chukua rula, penseli na kifutio, ugawe urefu wa karatasi hivi kuanzia juu:

1. Pambizo ya juu: milimita 15.
2. Picha: milimita 130.
3. Maelezo ya picha: milimita 12.
4. Jina la mwezi na mwaka: milimita 15.
5. Majina ya siku: milimita 8.
6. Mistari 6 ya tarehe, kila mmoja milimita 17: jumla milimita 102.
7. Pambizo ya chini: milimita 15.

Ukijumlisha utapata 297 kamili. Kwa upana, acha pambizo ya milimita 14 kila upande. Zitabaki milimita 182. Gawa kwa siku 7, utapata safu 7 za milimita 26 kila moja. Kisanduku cha milimita 26 kwa 17 kinatosha kuandika "mtihani wa Fizikia" au "kliniki ya mama" bila kubanana.

Picha za simu nyingi zina uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo ukizikuza hadi upana wa sentimita 18 zitakuwa na kimo cha sentimita 13.5. Utapunguza nusu sentimita tu. Zile za kamera kubwa zina uwiano wa 3 kwa 2. Hizo zikiwa na kimo cha sentimita 13 huwa na upana wa sentimita 19.5, basi utapunguza sentimita moja na nusu pembeni. Angalia usimkate mtu mkono. Ili picha itoke safi, iwe na angalau pikseli 2,100 kwa upana na 1,500 kwa kimo. Ikipungua sana, itatoka na ukungu ambao haukuwako mlimani.

KUPANGA TAREHE

Hapa ndipo wengi huteleza, ingawa hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwaka wa kawaida una siku 365, yaani majuma 52 na siku 1 inayobaki. Kwa sababu ya siku hiyo moja, mwaka unaofuata huanza siku moja mbele. Januari 1, 2026 ni Alhamisi, basi Januari 1, 2027 ni Ijumaa, na Januari 1, 2028 ni Jumamosi. Lakini mwaka 2028 ni mwaka mrefu, wenye siku 366, kwa hiyo 2029 unaruka Jumapili na kuanza Jumatatu.

Ndani ya mwaka fuata njia iyo hiyo. Baada ya mwezi wa siku 31, sogea siku 3. Baada ya mwezi wa siku 30, sogea siku 2. Baada ya Februari ya siku 28 usisogee hata kidogo. Mathalani, mwaka 2027 Januari huanza Ijumaa, Februari Jumatatu, Machi Jumatatu vile vile, Aprili Alhamisi, na Mei Jumamosi. Ukifika Desemba, jipime: Krismasi lazima iwe siku ile ile moja na Mwaka Mpya unaoifuata, maana kati yao pana siku 7 kamili. Zikitofautiana, rudi nyuma utafute ulipojikwaa.

Je, safu ya kwanza iwe siku gani? Kalenda nyingi huanza Jumapili au Jumatatu. Lakini sisi ni wanafunzi wa Kiswahili, hebu tusikilize majina yenyewe. Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Kisha huja Alhamisi na Ijumaa, majina yaliyotokana na Kiarabu. Kumbe juma la Mswahili huanza Jumamosi, mara tu Ijumaa inapopita! Kalenda yetu tumeianza hivyo, na wageni wote wanaoiona huuliza kwa nini. Tunapowaeleza wanajifunza kitu. Kwa mpango huo, mwezi wa siku 31 unaoanza Ijumaa, kama Januari na Oktoba 2027, hujaza mistari yote 6. Ndiyo sababu nilikuambia uchore 6, si 5.

Weka sikukuu kwa wino mwekundu: Mwaka Mpya, Leba 1 Mei, Madaraka 1 Juni, Siku ya Mazingira 10 Oktoba, Mashujaa 20 Oktoba, Jamhuri 12 Desemba, Krismasi na siku inayoifuata. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka hubadilika kila mwaka, zitafute kabla ya kuandika. Idi hutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo iandike kwa penseli. Kumbuka pia kwamba sikukuu ya kitaifa ikiangukia Jumapili, mapumziko husogezwa hadi Jumatatu. Mwaka 2027 Jamhuri itaangukia Jumapili, basi Jumatatu tarehe 13 nayo ipake wekundu.

MAELEZO YA PICHA

Maelezo yawe mafupi, yasizidi mistari miwili, na Kiswahili chake kiwe sanifu. Usiandike "mlima nzuri" ilhali mlima uko katika ngeli ya U-I. Andika "mlima mzuri". Na afadhali hata hilo uliache, kwani uzuri tunauona wenyewe. Tuambie tusichokiona. Lugha yetu ina hazina kubwa ya maneno ya mambo haya: kilele, mteremko, genge, jabali, korongo na kasoko, yaani lile shimo kubwa lililo juu ya mlima wa volkeno. Mvua nayo ina ngazi zake, kutoka manyunyu na rasharasha hadi mvua ya mawe. Tazama mfano huu:

"Longonot, mita 2,776. Februari, saa tano. Jua kali, vumbi hadi magotini. Tulizunguka ukingo wa kasoko. Kila mmoja alimaliza lita mbili za maji."

Msomaji wa maelezo hayo keshajua abebe nini. Hiyo ndiyo kazi ya maelezo.

KUCHAPISHA NA KUFUNGA

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupanga kila ukurasa kwenye kompyuta na kuchapisha katika duka lenye mashine ya rangi. Chapisha ukurasa mmoja kwanza, uukague, ndipo uagize uliobaki. Ya pili ni ya mkono: chora majedwali kwa kalamu kwenye karatasi ngumu, fanya nakala, kisha gundisha picha ulizosafisha studio. Paka gundi kidogo pembeni tu, maana ikizidi karatasi hujikunja. Njia hii ni ya polepole lakini ni rahisi mfukoni, na mwandiko mzuri hupendeza kuliko herufi za mashine.

Kufunga, peleka dukani itobolewe na kutiwa ringi upande wa juu. Ukikosa, toboa matundu mawili, upitishe uzi wa katani na kijiti cha mwanzi. Karatasi ya mwisho nyuma iwe ngumu ili kalenda isijikunje ikining'inia.

HITIMISHO

Mwaka ukiisha usiitupe kalenda hiyo. Iweke pamoja na zilizotangulia. Zikifika tatu au nne, zitandaze mezani ufungue mwezi mmoja katika zote. Utaona masika yaliyowahi na yaliyochelewa, utaona mto uliokuwa umejaa na sasa unarukwa kwa hatua moja. Hayo hakuna duka linaloyauza.

Kazi yako, msomaji, ni hii. Jumamosi ijayo, kabla ya kengele ya chakula cha mchana, tafuta mahali pako pa kusimama. Piga picha moja. Kisha andika mahali, tarehe, saa, hali ya hewa na hali ya njia. Mwezi mmoja utakuwa umekwisha, imebaki kumi na mmoja.